Mlezi wa Pili

Mama yangu amenikanya tangu nikiwa mdogo kwa kosa moja tu: siwezi kupita kwenye mlango uliofungwa bila kujiuliza kuna nini ndani. Nilipokuwa mkubwa nikaajiriwa kuwa afisa ustawi wa jamii, nikaona serikali imenipa ruhusa ya kubisha hodi. Nilipangiwa Kyela nikitokea Tanga. Nilifika na masanduku mawili, chandarua, na imani kubwa kwamba watu nitawaelewa haraka.

Joto la Kyela nililielewa haraka kweli. Watu walichukua muda.

Wakati ule halmashauri ilikuwa inajaribu mpango mpya katika kata chache. Akina mama wengi wa huku wanafanya biashara ya kuvuka mpaka pale Kasumulu, na mtu mwenye mzigo wa vitenge kichwani hawezi kubeba mtoto mgongoni, akapanga foleni forodhani, akarudi salama jioni. Kwa hiyo watoto huachwa mchana kwa wanawake wanaolea majumbani mwao. Mpango ulikuwa kuwapa walezi hao ruzuku, ila ruzuku ifuate ubora: nyumba ya daraja la kwanza ipate zaidi, ya daraja la pili ipate ya wastani, ya daraja la tatu ipate kidogo na ionywe. Ukiangukia daraja la tatu mara mbili mfululizo, unafutwa kwenye orodha.

Ubora huo ulipimwa kwa dodoso la kurasa nne, na mimi nilikuwa mmoja wa walioliandika. Nililipenda dodoso lile kama mtu anavyolipenda gauni aliloshona mwenyewe, hata kama mkono mmoja umezidi mwingine. Lilikuwa na kila kitu. Maji ya kunywa, choo, mahali pa kulala, vitu vya kuchezea, uwiano wa watoto na watu wazima. Kipengele nilichojivunia zaidi kilikuwa cha makabidhiano, yaani mlezi mmoja akiondoka na mwingine akiingia, wanaambiana nini kuhusu watoto? Niliamini hapo ndipo malezi yanapojulikana.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri mno. Nyumba ya kwanza niliyoingia ilikuwa na mpira mwekundu wa plastiki, mwanasesere mmoja na bango la herufi. Nikatoa alama. Kesho yake nikaenda nyumba nyingine upande wa Ndandalo, nikakuta mpira mwekundu na mwanasesere. Nikafurahi kwamba wazazi wa huku wanajali michezo. Siku ya tatu, kijiji cha jirani, mpira ukadunda hadi miguuni kwangu, nikauokota, nikaona umetafunwa na mbwa upande mmoja. Alama zile zile za meno nilikuwa nimeziona siku mbili zilizopita. Mpira ulikuwa unasafiri kwa bodaboda ukinitangulia.

Nilicheka peke yangu njia nzima, halafu nikaacha kucheka, maana nyumba zote tatu nilikuwa nimezipa alama kamili za michezo na karatasi zilikuwa zimeshasainiwa.

Baada ya hapo nikaapa kuwa mkali. Nyumba iliyofuata ilikuwa Ipyana, na ukali wangu wote ukaenda kumalizikia huko.

Mlezi wa nyumba ile alikuwa mwanamke wa umri kama wangu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Mume wake alikuwa dereva wa malori ya Malawi, anaonekana nyumbani kwa nadra. Uwanja ulikuwa umefagiwa hadi alama za ufagio zinaonekana. Upande mmoja kakao ilikuwa imeanikwa kwenye mikeka, upande mwingine migomba imesimama kama ukuta, na katikati, kivulini, walikaa watoto saba. Hapakuwa na mpira wala mwanasesere. Watoto walikuwa wanapanga maganda ya kakao kwa ukubwa, na hakuna aliyekuja kunishangaa. Hilo nililiona, lakini dodoso halikuwa na mahali pa kuliandika.

Nikamwuliza anasaidiana na nani. Kanuni yetu ilikuwa kwamba watoto wakizidi watano lazima wawepo walezi wawili. Aliangalia chini, akasema yuko peke yake. Nikauliza tena, nikimpa nafasi. Akasema tena kwamba yuko peke yake.

Tulikuwa bado tunaongea, anamlisha uji mtoto wa mwisho, mara kengele ya baiskeli ikalia huko njiani, mara mbili. Yule mama akaacha sentensi yake katikati. Alimkabidhi kijiko msichana mkubwa, wa miaka kama mitano, akamnong'oneza maneno fulani kwa Kinyakyusa, akajifunika khanga kichwani, akapita nyuma ya nyumba na kupotelea kwenye migomba. Hakuniaga. Nilibaki na kalamu mkononi na watoto saba.

Punde akaingia mzee mmoja anayekokota baiskeli. Alinisalimia kwa heshima, akaketi kwenye kigoda, akampakata mtoto wa uji. Nilimchukulia kuwa mgeni. Nikamwuliza mama wa nyumba yuko wapi, akasema yupo. Nikamwuliza yupo wapi, akasema yupo tu, akaniuliza habari za Tanga. Nilisubiri karibu saa nzima, jasho linanitiririka hadi kwenye karatasi, yule mama hakurudi. Nikaandika: mlezi ni mmoja, aliondoka bila taarifa, watoto wakabaki na mgeni. Nikajumlisha. Daraja la tatu.

Nilirudi ofisini nikijiona hodari. Hawa wa mpira wamenichezea, nikawaza, lakini huyu nimemkamata.

Onyo lilimfikia kabla ya wiki kwisha. Nililijua hilo siku niliyokwenda Kasumulu kwa shughuli nyingine, nikashikwa mkono na mfanyabiashara mmoja pale karibu na daraja la Songwe. Mtoto wake alikuwa mmojawapo wa wale saba. Hakupayuka. Alishusha mzigo wake, akaniambia kwamba akina mama wa watoto wale wamekaa jana yake kutafuta pa kupeleka watoto endapo nyumba ile itafutwa, na hawajapapata. Wawili walikuwa wameanza kufikiria kuwaachia dada zao wanaosoma, yaani dada hao waache shule. Mwenyewe aliwahi kumpeleka mwanawe kwenye nyumba ya daraja la kwanza. Mtoto alikaa huko mwezi mzima, na kila jioni ukiuliza amekula nini hakuna anayejua, hata aliyempikia.

Nikamwambia kwa upole, lakini kwa ule upole wa mtu mwenye karatasi, kwamba mlezi yule yuko peke yake na anawaacha watoto. Alinitazama, akaanza kucheka, kisha akaona kwamba sitanii.

"Walikuwa wawili, afisa," alisema. "Ndiyo maana uliwaona mmoja mmoja."

Akanieleza, na kila alichosema kilinifanya nitamani ardhi ya Kasumulu inifunike. Yule mzee wa baiskeli ni baba mkwe wa yule mlezi. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mwanamke hakutani na baba wa mumewe. Hawaangaliani usoni, hawakai uwanja mmoja, na jina lake hulitamki. Ukimsikia anakuja, unampisha. Si ugomvi, ni heshima, na wala si jambo la vikongwe peke yao. Mzee huyo anaishi nyumba ya pili nyuma ya migomba. Alikuwa fundi baiskeli, akastaafu, mkewe akafariki. Mkwe wake alipoanza kulea watoto wa wenzake, mzee akaanza kuja mchana kumpokea ili naye apate kwenda shambani. Miaka yote hiyo wamelea watoto pamoja bila kuonana hata siku moja.

Kichwa changu kikajaa maswali kama nzi. Wanapangaje? Nani anamwambia nani kwamba mtoto fulani ana homa? Akichelewa inakuwaje? Mfanyabiashara alinyanyua mzigo wake. Akasema niende nikaangalie, tena safari hii nikae mpaka jioni.

Nilikwenda. Nilimkuta yule mama akichemsha maji, na jambo la kwanza nililofanya ni kumwomba radhi. Alinijibu "ndaga", asante yao, kwa sauti ambayo haikunipa nafuu yoyote. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia tu kwamba wako wawili.

"Ningemtajaje kwako, dada," alisema, "wakati hata mbele ya mume wangu simtaji? Na ningemtaja, ungetuita tukae meza moja."

Alikuwa sahihi. Ukurasa wa nne ulitaka walezi wote wasaini mbele ya afisa, kwa pamoja. Niliuandika mimi.

Nikatafuta kona, nikakaa, nikafunga dodoso. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike Kyela kuangalia kitu bila kukitafutia alama. Asubuhi nzima ilikwenda kwa kazi ndogo ndogo: kunawisha, kulisha, kuamua ugomvi wa ganda la kakao. Karibu na mchana yule mama alimwita msichana mkubwa, wakasimama wakitazamana. Alimwambia mambo, safari hii kwa Kiswahili, akihesabu kwa vidole, kidole kimoja jambo moja. Huyu mdogo hajalala. Yule wa shati la njano amekula nusu, jaribu tena baadaye. Maji yaliyochemshwa ni ya ndoo yenye kifuniko. Mapacha wamegombana, wasikae karibu. Msichana akarudia yote, naye kwa vidole, na alipokosea moja wakaanza upya.

Kengele ikalia njiani, mara mbili. Khanga, nyuma ya nyumba, migomba. Mzee akaingia. Msichana akachuchumaa, akamwamkia, akanyoosha vidole vyake na kutoa ripoti yote. Mzee hakuipokea tu, aliihoji. Nusu ya nini, ya uji au ya wali? Hajalala kwa sababu ya joto au ya jino? Msichana alijibu anachokijua, na asichokijua alisema hakijui. Jioni mambo yakageuka. Mzee alimpa msichana taarifa zake, akaipiga kengele, akaondoka, na mama akatokea upande wa pili akiwa na jembe, akasikiliza vidole.

Nilimwuliza mzee nani alimfundisha mtoto huyu. Akasema alifundishwa na aliyemtangulia, aliyeanza shule mwaka jana, na huyo alifundishwa na wa kabla yake. Sasa huyu ameshaanza kumfundisha yule wa shati la njano, ila wa shati la njano bado anasahau kidole cha tatu. Alilisema hilo kama fundi anayelalamikia mwanafunzi wake.

Nilikumbuka nyumba zote nilizopima. Kipengele changu cha makabidhiano, nilichojivunia kiasi kile, karibu kila mahali kilijibiwa kwa kuinua mabega. Walezi wanaokaa benchi moja, wanaokula sahani moja, hawakuwa wakiambiana chochote. Hawa wawili hawajawahi kusemezana, na kila kikohozi kilikuwa kinajulikana. Nilijiuliza njia nzima kama walifanya vizuri ingawa hawaonani, au kwa sababu hawaonani. Mpaka leo sijapata jibu.

Niliandika ripoti ndefu kuomba nyumba ipimwe upya, nikampelekea mkuu wangu wa kitengo. Naye ni mtu wa kuja, Msukuma mpole anayesoma kila kitu mara mbili. Niliamini atashangaa kama mimi. Alishangaa, akakubali kuwahesabu kuwa walezi wawili, akakubali kila mtu asaini siku yake. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja wa ripoti yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeandika, kwa kiherehere changu cha kutaka kueleza kila kitu, kwamba tangu mama aingie kwenye migomba hadi mzee atokee nilihesabu hadi ishirini na tano.

"Hapo katikati," aliuliza, "watoto wana nani?"

Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu alikuwa sahihi. Kuna kisima kisicho na mfuniko nyuma ya jiko pale, kuna moto wa kuchemshia maji, na mtoto wa mwaka mmoja hahitaji hata kumi na tano. Ningekuwa mzazi wa mmojawapo ningeuliza hivyo hivyo. Mtoto kuachwa bila mtu mzima, hata mara moja, ni daraja la tatu moja kwa moja. Nacho kipengele hicho nilikiandika mimi, na sikuwa tayari kukifuta. Alinipa mwezi mmoja. Baada ya hapo nipime tena, na daraja litakalotoka ndilo litakalokaa.

Nilirudi Ipyana na habari hiyo, nikaitoa mara mbili. Asubuhi nilimweleza mama. Alisikiliza akikung'uta mchele kwenye ungo, akasema ameelewa, lakini hawezi kumsubiri mkwe wake uwanjani. Akifanya hivyo atamvunjia heshima mbele ya watoto, na mumewe akisikia ataona aibu kurudi nyumbani. Mchana nilimweleza mzee. Yeye hakusema ameelewa. Alisema amekuja uwanja huu mchana baada ya mchana na hajawahi kumkuta mtoto kisimani. Nikamwambia kwamba hata mimi sitaki tusubiri siku atakapomkuta. Akakagua mnyororo wa baiskeli ambao haukuwa na tatizo lolote.

Mwezi ule nililala vibaya. Nilijaribu kupanga suluhisho kichwani: ukuta wa mabua, mlango wa pili, jirani wa kusimama katikati. Nikampelekea mama mawazo yangu. Jirani alikuwa shambani mchana, na mabua hayazuii mtoto kutambaa. Jibu lake kwa kila moja lilikuwa tutaona, na mimi nikaogopa kwamba hilo ni hapana ya watu wenye adabu. Ruzuku ilikuwa inanunua uji na mafuta ya taa ya nyumba ile. Jina likifutwa, watoto saba watawanyike, na mfano bora wa malezi niliouona wilaya nzima uvunjwe na karatasi yangu.

Siku ya kupima nilifika mapema. Mama hakunieleza lolote, nami sikuthubutu kuuliza, jambo ambalo kwangu ni ugonjwa. Nilijaza kurasa tatu. Mchana ulipokaribia nikafungua ule ukurasa wa nne, nikashika kalamu, mikono inatoa jasho kuliko kawaida ya Kyela.

Vidole vikahesabiwa, ripoti ikarudiwa. Kengele ikalia njiani, mara mbili.

Mama hakuinuka. Alijifunika khanga, akageuza uso kuelekea migomba, akaendelea kumshika mtoto wa mwisho kwa mkono mmoja. Nilitazama upenyo wa ua. Kitu cha kwanza kuingia kilikuwa gurudumu la nyuma la baiskeli. Likafuata tandiko, na baada ya tandiko ukaja mgongo wa mzee. Alikuwa anaingia kinyumenyume. Uso wake uliangalia njia aliyotoka, mikono miwili imekamata usukani, na miguu yake ilitafuta ardhi nyuma yake polepole, hatua moja, anasimama, hatua nyingine.

Msichana mkubwa alikuwa ameshakimbilia kwake, anamwongoza kwa kumvuta koti. Alimwambia kushoto kidogo. Alimwambia pana mkeka wa kakao. Watoto wawili wadogo nao wakaanza kutembea kinyumenyume kumfuata, wakagongana, wakaanguka na kucheka, lakini mzee hakugeuka. Alikuwa na umri wa kuheshimiwa na kijiji kizima, mtu ambaye vijana hushuka kwenye pikipiki kumwamkia, na alikuwa anavuka uwanja wake mwenyewe kwa kisogo.

Alipokigusa kigoda kwa kisigino alikaa, bado ametupa mgongo. Msichana akamchukua mtoto mdogo kutoka kwa mama, akampeleka, akampakatisha mzee. Hapo ndipo mama aliposimama na kwenda zake nyuma ya nyumba. Mzee alisubiri, kisha akageuza kigoda. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Haya, afisa," alisema. "Hesabu."

Penye mstari wa watoto kuachwa bila mtu mzima niliandika sifuri. Niliiandika kubwa kuliko kisanduku chake. Nikajumlisha mara mbili, kama mkuu wangu, na mara zote mbili ikatoka daraja la kwanza. Nilimwambia mzee, akaitikia kwa kichwa, akamwuliza msichana kama yule wa shati la njano amekula.

Nikaenda kumtafuta mama nimpe habari. Nilimkuta amesimama nyuma ya jiko, karibu na kile kisima, amegeukia ukuta, khanga ameibana mdomoni. Alinisikia nikija, lakini hakuniuliza amepata daraja gani.

"Hakujikwaa?" aliuliza.

Nikamwambia hakujikwaa.